Wanga nimeuacha, poka nacheza, mizani imegoma

"Daktari, nina miaka 41, urefu wangu ni sentimita 176. Wiki tisa zilizopita nilikuwa na kilo 107. Nikaacha mkate, wali, viazi, sukari na soda, nikajiwekea kikomo cha gramu 50 za wanga kwa siku. Wiki mbili za mwanzo nilipungua kilo nne, nikafurahi kweli. Tangu hapo mizani imegoma: leo inashuka nusu kilo, kesho inairudisha. Nacheza poka usiku nne kwa wiki, mara mbili mezani na marafiki na mara mbili kwenye kompyuta, kuanzia saa mbili hadi saa tisa usiku. Asubuhi naamka saa moja niende kazini. Bia nimeacha, nakunywa toti mbili za pombe kali bila soda, na natafuna korosho, bakuli dogo ambalo hujazwa mara mbili hivi. Ikifika saa sita usiku akili inanihama: nafuata dau ninalojua kabisa sipaswi kulifuata, nasahau nani alipandisha. Wenzangu wanasema ubongo unadai sukari yake. Siku nikipoteza vibaya, nikifika nyumbani nakula mkate wa watoto nikiwa nimesimama jikoni. Nikiinuka ghafla mezani napata kizunguzungu. Natumia dawa ya presha, huu mwaka wa tatu. Mke wangu anasema nakoroma hadi anahama chumba. Je, nirudishe wanga siku za mchezo? Au poka na kupungua uzito haviendi pamoja? Na hii kahawa ya kutia siagi inasaidia?"

Ndugu yangu, nitaanzia mwisho wa barua yako. Umeuliza kuhusu wanga na poka, lakini kilichonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine ni mambo mawili uliyoyapitisha haraka, kama mtu anayetupa karata mbovu asiulizwe alikuwa nazo zipi: kizunguzungu ukiinuka, na dawa ya presha.

Mtu akishusha wanga hadi gramu 50 kwa siku, insulini kwenye damu hushuka. Insulini haishughuliki na sukari peke yake. Ndiyo pia huziambia figo zishikilie chumvi. Ikipungua, figo huiachia chumvi, chumvi huondoka na maji, na presha nayo hushuka. Ongeza hapo kilo nne ulizopoteza, ambazo nazo hushusha presha. Ongeza toti mbili, ambazo hutanua mishipa ya damu. Sasa wewe unameza kidonge kilichopimwa kwa ajili ya mtu wa kilo 107 aliyekuwa akila mkate na chumvi ya kawaida. Mtu huyo hayupo tena, kidonge ni kilekile. Inawezekana kabisa kwamba dawa yako imekuwa kali kuliko unavyoihitaji, na kama ni ya aina inayokojoza maji, uwezekano huo ni mkubwa zaidi.

Usiiache mwenyewe. Nenda kwa daktari aliyekuandikia, wiki hii, umweleze umebadilisha chakula. Mwombe akupime ukiwa umeketi au umelala, kisha akupime tena baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hiyo ndiyo presha inayoporomoka mtu akisimama, na dozi hupangwa upya. Apime pia figo na madini ya damu, hasa potasiamu na sodiamu. Na utakutana na watu watakaokwambia kizunguzungu cha kupunguza wanga dawa yake ni kuongeza chumvi. Kwa kijana asiye na presha ushauri huo una mantiki. Kwako wewe subiri vipimo kwanza.

Hilo likiwa njiani, turudi kwenye hofu yako, ambayo nikiielewa vizuri ni hii: umejinyima kwa nguvu wiki tisa, uzito hauendi, na mchezo unaoupenda unaharibika. Unahisi umelipa pande mbili na hujapata chochote. Nadhani wanga na poka vinasingiziwa hapa kwa sehemu kubwa. Kinachokuumiza zaidi ni saa unazocheza, na mkono wako wa kushoto.

Kwanza hili la ubongo na sukari, maana wenzako wamelisema kwa uhakika mkubwa. Ni kweli ubongo hutumia glukosi, takriban gramu 120 kwa siku kwa mtu anayekula kawaida. Kosa ni kudhani glukosi hiyo lazima ipite mdomoni. Ini hutengeneza glukosi yake lenyewe, kutokana na vipande vya protini, kutokana na sehemu ya mafuta iitwayo gliseroli, na kutokana na mabaki ya kazi ya misuli. Wanga ukiwa mdogo sana, ini hutengeneza pia ketoni kutokana na mafuta, na ubongo huzipokea vizuri tu. Wiki ya kwanza na ya pili mtu huweza kujisikia mzito, kichwa kikimgonga, na hapo mara nyingi ni ile chumvi na maji vinavyoondoka. Kufikia wiki ya tisa mwili umeshazoea. Mtu mwenye afya asiyetumia dawa za kisukari, sukari yake haiporomoki saa sita usiku kwa sababu tu hakula mkate wa jioni.

Tena, sukari yenyewe haileti kile watu wanachoiahidia. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2019, uliounganisha tafiti 31, haukukuta kwamba wanga huchangamsha. Ulikuta watu wakichoka zaidi ndani ya nusu saa baada ya kula, na umakini wao ukipungua ndani ya saa moja. Kwa hiyo yule anayekusukumia biskuti saa sita usiku anakufanyia wema, ila wema huo huenda ukamfaa yeye mwenye chipsi nyingi za kuwekea dau mezani kuliko wewe.

Sasa hesabu saa zako. Unaamka saa moja asubuhi. Ikifika saa sita usiku umekuwa macho saa 17 mfululizo. Namba hiyo ina historia. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walilinganisha watu waliokaa macho muda mrefu na watu waliokunywa pombe, wakawapa kazi ileile ya kuratibu jicho na mkono. Baada ya saa 17 bila usingizi, utendaji wao ulikuwa umeshuka hadi kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva kushika usukani. Wewe umefika hapo kwa kukesha tu, na juu yake umeweka toti mbili za kweli. Kisha unaendelea hadi saa tisa, ambapo saa ya ndani ya mwili inakaribia bonde lake la chini kabisa: joto la mwili linashuka, macho yanakuwa mazito, na sehemu ya ubongo inayosema "acha, tupa hizi karata" ndiyo ya kwanza kulala. Unafuata dau unalojua hupaswi kulifuata kwa sababu anayejua amesinzia, aliyebaki macho ni anayetaka kuona karata ya mwisho. Hata kama ungekula sahani nzima ya wali kabla ya mchezo, saa sita ingekukuta palepale.

Tuje kwenye mizani. Zile kilo nne za mwanzo zilikupa furaha, na sitaki kukunyang'anya furaha, lakini sehemu kubwa haikuwa mafuta. Mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, gramu 100 hivi kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu hukaa na maji kama gramu tatu. Ukipunguza wanga, akiba inatumika, maji yanatoka, mizani inashangilia. Baada ya hapo inabaki kazi yenyewe ya kuchoma mafuta, na hiyo huenda polepole kwa kila mtu, awe anakula wanga au hali. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700.

Ndiyo sababu nataka tuangalie bakuli la korosho kwa karibu. Nilichukua bakuli dogo jikoni kwangu, lile la kuwekea kachumbari, nikalijaza korosho bila kulirundika, nikaliweka kwenye mizani ya chakula: gramu 75. Likijazwa mara mbili ni gramu 150. Korosho za uzito huo zina kalori kama 830, na hili ndilo litakaloshangaza, zina wanga kiasi cha gramu 40 hata ukiondoa nyuzinyuzi. Kikomo chako cha siku nzima ni 50. Yaani umejinyima viazi mchana kutwa ili uje kuumaliza wanga wako wote usiku, gizani, punje moja moja, kwa kitu ambacho moyoni umekiandikisha kama "hakina wanga". Korosho ni kati ya njugu zenye wanga mwingi. Lozi na makademia zina wanga mdogo zaidi, lakini kalori zake ni zilezile au zaidi, kwa hiyo kubadilisha aina ya njugu ni kubadilisha jina la tatizo.

Toti mbili, ikiwa ni zile kubwa za mililita 45, ni karibu kalori 200. Pombe ina jambo jingine: mwili hauna pa kuihifadhi, hivyo ini huacha kazi nyingine liishughulikie kwanza, na uchomaji wa mafuta husubiri foleni. Pia huzuia ini kutengeneza ile glukosi niliyoitaja juu. Mtu asiyekula wanga hulewa upesi zaidi, na akinywa nyingi tumbo likiwa tupu sukari yake inaweza kweli kushuka. Kwa hiyo wenzako, kama wanataka kuilinda sukari ya ubongo wako, waiangalie hiyo chupa kabla ya kuulaumu mkate usiokuwepo.

Jumlisha: kalori 1,030 hivi kwa usiku mmoja, usiku nne, ni zaidi ya 4,100 kwa wiki. Mtu wa umri, urefu na uzito wako anayekaa kazini hutumia takriban kalori 2,500 kwa siku. Tuseme mchana unakula 1,900, maana umesema unajinyima kwa nguvu. Kila siku unaweka akiba ya 600, kwa wiki 4,200. Usiku nne zinaichukua karibu yote. Bado sijahesabu mkate wa watoto. Mizani haijagoma ndugu yangu, inakusomea hesabu vizuri kabisa.

Usijilaumu sana kwa hilo. Poka ni mchezo wa kusubiri. Mikono mingi, yaani karata unazogawiwa, unaitupa, unakaa dakika kumi ukitazama wengine, na mkono usio na kazi hutafuta kazi. Wengine huzichezea chipsi, wanazipanga, wanazigonganisha. (Bahati mbaya lugha yetu imezipa chipsi za mezani na chipsi za kwenye sahani jina moja, na mikono ya wachezaji wengi naona imechanganyikiwa.) Angalia siku moja utaona: mkono wa kulia unashika karata, wa kushoto unakwenda bakulini wenyewe, na unakwenda kasi zaidi pale mtu anapokupigia mkwara na wewe huna uhakika. Hapo hakuna njaa. Ukila umekazia macho kitu kingine, kumbukumbu ya kula haiingii, na tumbo linapokuja kuuliza umekula nini unaliambia hujala.

Nawe usidanganywe na ile hadithi kwamba kufikiri sana kunachoma mafuta, kwamba mchezaji wa chesi humaliza kalori 6,000 kwa siku akiwa ameketi. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili na hutumia kama asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyepumzika, ni kweli, lakini hutumia karibu hiyohiyo ukiwaza kwa bidii au ukitazama dari. Moyo kwenda mbio kwa sababu umeweka dau kubwa si sawa na moyo kwenda mbio kwa sababu unapanda ngazi, misuli imelala. Kukaa ukicheza karata hutumia kama mara moja na nusu ya nishati ya kupumzika. Ziada ya saa zote saba haifikii bakuli moja la korosho.

Kisha kuna usingizi, na hapa ndipo ningekaa nawe muda mrefu kama ungekuwa mbele yangu. Ukimaliza saa tisa na kuamka saa moja, hata ukilala njiani bado ni chini ya saa nne. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha jaribio dogo, la watu kumi tu, ila lililofanywa kwa uangalifu. Kila mmoja alipewa chakula kidogo kwa wiki mbili akiruhusiwa kulala saa 8 na nusu, na kwa wiki mbili nyingine akiruhusiwa saa 5 na nusu. Uzito uliopungua ulikuwa karibu sawa, kilo tatu hivi kila upande. Tofauti ilikuwa ndani yake: waliolala vya kutosha walipoteza kilo 1.4 za mafuta, waliokatiwa usingizi walipoteza 0.6 tu, kingine kikawa nyama ya mwili wao, na njaa yao ilikuwa kali zaidi. Walikuwa na saa tano na nusu. Wewe siku nne kwa wiki huna hata hizo.

Ule mkate unaoula umesimama jikoni baada ya kupoteza, nauweka hapa kwenye usingizi, siuweki kwenye udhaifu wa moyo. Mtu mwenye saa 20 macho, aliyekula kidogo mchana, aliyeumizwa na mkono aliokuwa anaongoza hadi karata ya mwisho, anataka kitu kitamu, laini, cha haraka. Ungeniambia huutamani mkate ningeshangaa zaidi.

Sasa maswali yako. Nirudishe wanga siku za mchezo? Unaweza, haitakudhuru, lakini siipendi kwa sababu mbili. Ukila wanga mwingi usiku nne na mdogo siku tatu, glaikojeni na maji yake vitapanda na kushuka kila wiki, mizani itakuchezea kilo moja au mbili huku na huko, na wewe ni mtu unayeisoma mizani kila asubuhi. Pili, utakuwa umetibu ugonjwa usiokuwa nao, kwa sababu akili itaendelea kukuhama saa sita.

Njia nyingine ni kubaki na gramu 50 hizo lakini zihesabiwe kweli, korosho zikiwemo. Inafanya kazi kwa mtu anayeipenda. Faida yake halisi ni kwamba watu wengi wakila protini na mboga zaidi hawasikii njaa upesi. Haina uchawi zaidi ya huo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilichapisha jaribio la watu 609 lililochukua miezi 12: nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta, wote wakiambiwa wale vyakula halisi na waache sukari na unga uliokobolewa. Wa wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kilo 5.3, tofauti ndogo isiyotosha kusema huyu kamshinda yule. Ndani ya kila kundi lakini kulikuwa na waliopungua sana na wengine walioongezeka. Kilichowatenganisha si jina la mlo.

Kwa hali yako mimi ningelegeza. Panda hadi gramu 100 au 120 za wanga kwa siku, siku zote sawa, kutoka maharage, matunda mazima, mtindi usiotiwa sukari, hata kiazi kimoja. Bado ni wanga kidogo ukilinganisha na ulikotoka. Siku ya mchezo kula chakula cha kweli saa moja jioni, umeketi, kwa sahani: samaki au nyama au mayai ya kutosha, mboga nyingi, na sehemu ya huo wanga. Protini ya siku nzima ilenge gramu 110 hadi 130, kama figo zako vipimo vikisema ziko salama. Mezani usiweke chochote cha kutafunwa. Nasema usiweke, sisemi ujizuie, kwa sababu kujizuia saa saba mbele ya bakuli ni mchezo ambao bakuli hushinda. Kama wenyeji lazima waweke, kaa upande wa pili wa meza, na mkono wa kushoto upe chipsi za kuchezea. Pombe iache mpaka jambo la presha lijulikane, kisha ikirudi iwe moja.

Na saa. Hili najua hutalipenda. Usiku nne zipunguze hadi mbili, na mwisho uwe saa sita. Ukiona ni kali mno, anza na zile za kwenye kompyuta, ambazo hakuna rafiki anayekusubiri, na ambazo unaweza kuanza saa kumi na mbili jioni. Hata kwa hesabu ya mchezo wenyewe ni busara: umeniambia mwenyewe kwamba kuanzia saa sita unacheza vibaya, kwa hiyo saa tatu za mwisho unawalipa wengine. Mapumziko yakija, simama utembee. Usibaki kwenye kiti ukisimulia mkono uliopita. Kwenye kompyuta unaweza kucheza umesimama nusu ya muda.

Poka na kupungua vinaendana. Kuna ndugu wawili wa Kanada, Jaime na Matt Staples, waliowekeana dau na Bill Perkins, mchezaji wa Marekani, mwaka 2017: mmoja alikuwa na zaidi ya kilo 136, mwingine kilo 61 hivi, na walitakiwa ndani ya mwaka mmoja wafikie uzito usiotofautiana zaidi ya ratili moja. Machi 2018 walipanda mizani wakiwa na kilo 85 hivi kila mmoja, wakachukua dola 150,000. Nakutajia kwa sababu ya ule mwaka mmoja. Na kwa sababu nyingine pia: usiige madau ya namna hiyo. Mtu akiwekewa fedha kwenye mizani hufika mahali akaacha kunywa maji ili ashinde, na wewe mwenye dawa ya presha hiyo si karata yako.

Mizani yako isome kwa wastani wa wiki. Pima kila asubuhi ukitaka, andika, kisha Jumapili jumlisha ugawe kwa saba. Usiku mmoja haukwambii kama wewe ni mchezaji mzuri, na asubuhi moja haikwambii kama unapungua. Pima na kiuno, kwa utepe, usawa wa kitovu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Ukipungua kilo tano tu kutoka hapo ulipo, presha itaanza kukushukuru.

Mke wako msikilize. Mkoromo wa kumhamisha mtu chumba, kwa mwanamume mwenye uzito wako na presha, ni jambo la kupimwa. Muulize kama kuna wakati mkoromo unakatika, kimya, kisha unashtuka kama unayezama. Akisema ndiyo, kuna uwezekano njia ya hewa inaziba usingizini. Hali hiyo hupandisha presha, huvunja usingizi bila wewe kujua, na hukufanya uchoke hata siku ambayo hukucheza. Inatibika. Mwambie daktari siku hiyohiyo ya presha.

Mengine ya kukimbilia hospitali bila kusubiri miadi: mguu mmoja kuvimba na kuuma baada ya kukaa muda mrefu, kifua kubana, pumzi kukata ghafla, au kuzimia. Na kama siku moja utaandikiwa dawa ya kisukari, mwambie anayekuandikia unakula wanga kidogo kabla hujameza ya kwanza. Insulini na vidonge kama glibenklamidi vinaweza kushusha sukari kupita kiasi, na zile ziitwazo gliflozini, pamoja na wanga mdogo sana, zinaweza kuleta tindikali hatari kwenye damu hata sukari ikionekana ya kawaida.

Jambo moja nitaliuliza bila kulihukumu, kwa kuwa umeandika "siku nikipoteza vibaya" kwa namna iliyonifanya nisimame. Kama unakaa hadi saa tisa kwa sababu unaufurahia mchezo, sawa. Kama unakaa kwa sababu unataka kurudisha kilichopotea, au nyumbani hawajui ni kiasi gani, basi zungumza na mshauri wa mambo ya kamari kabla ya kuzungumza na mtu wa lishe. Hakuna mlo utakaokupa usingizi ukiwa na deni kichwani.

Kahawa ya siagi: kijiko kimoja kikubwa cha siagi ni kalori 100, na wanaoinywa hutia viwili. Haichomi mafuta yoyote, inakuongezea. Inywe nyeusi. Na uitazame saa, maana kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, watu wengine zaidi. Kikombe cha saa nne usiku, saa tisa nusu yake bado iko nawe kitandani. Cha mwisho kiwe saa nane mchana, na ukishapimwa presha hiyo wiki hii niandikie namba zote mbili, ya kukaa na ya kusimama, pamoja na jina la dawa.